Bei ya Kifua Kilichobonyea

Jambo zima bei yake ni bamvua kumi na mbili. Pesa zipo, kaka yangu aliye ughaibuni ameshazituma na hataki hata kushukuriwa. Deni langu mimi ni la bamvua. Nimezihesabu kwa mwezi mwandamo, nikazihesabu tena kwa mwezi mpevu, zikatoka zile zile.

Timu yetu ya Kismayo haina uwanja. Tunacheza ufuoni, na ufuo unafaa mpira siku za bamvua tu, maji yanapokupwa mbali na kuacha mchanga mgumu kama sakafu. Mara mbili kwa mwezi, saa nne asubuhi, tunachora mistari kwa visigino. Maji yakiwa mafu, yasipokupwa mbali, tunakimbia tu. Kwa hiyo daktari wa Mombasa aliponiambia nikae nje miezi sita baada ya kupasuliwa kifua, yeye alisema miezi, mimi nikaona bamvua.

Kifua changu kina shimo katikati tangu nizaliwe kisiwani Koyama. Golikipa wetu husema, "Waryaa, we kijana, ukilala chali mvua ikanyesha, timu nzima tunatawadha." Nacheka, maana mzaha mzuri haukatazwi. Lakini nacheza wingi ya kushoto, na kipindi cha pili pumzi huniisha. Nikajifunza kusimama na kuinua mguu, eti nimechomwa na kombe. Mwalimu akauliza huu ni ufuo gani wenye makombe upande wa kushoto tu. Hata hivyo akanipendekeza kwa majaribio ya timu ya jimbo, baada ya Ramadhani.

Daktari alituonyesha picha, mimi na mama. Mfupa umeegemea moyo na kuusukuma pembeni. Angepitisha chuma chini yake kiuinue, kikae humo miaka mitatu. Mazoezi, baada ya miezi sita.

"Minne," nikasema.

"Sita."

"Minne na nusu, na mpira sitaupokea kwa kifua."

"Kijana, hapa hatuuzi samaki."

"Mimi nauza. Ndiyo kazi yangu."

Akavua miwani. Akasema nisipopasuliwa sitakufa kesho, lakini pumzi itazidi kupungua, na mfupa unakomaa kila mwaka. Nikaacha kubishana.

Nje, kwenye benchi, mama alikumbatia bahasha ya picha.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe umefanya nini?"

"Kaka yako alikandwa na bibi yako. Wewe, bibi yako alikuwa Kudha, mashua ikachelewa. Nikakukanda mwenyewe."

Kwetu mtoto mchanga hukandwa siku arubaini kwa mafuta ya simsim yenye uvuguvugu: kichwa kiviringwe, pua ivutwe, kifua kinyooshwe.

"Nilikuwa mtoto mimi mwenyewe, mwanangu. Mkono wangu ulikuwa mzito. Siku ya kumi nikaona pamebonyea. Nikanyamaza."

Miaka kumi na tisa alinyamaza. Kila mara golikipa alipofanya mzaha wake nyumbani kwetu, mama aliinuka kwenda kutazama chungu. Nilidhani anapenda kupika.

Nikamrudisha ndani. Daktari akamwambia hakuna mkono unaofanya hivi, mtoto huzaliwa hivyo. Mama akauliza mara ya pili. Akajibiwa vile vile. Akamshukuru, tukatoka.

"Ana adabu sana yule," akasema. "Hakutaka kuniaibisha mbele yako."

Tangu turudi Kismayo hajanisihi nipasuliwe. Ameniambia mara moja tu, "Usifanye kwa ajili yangu." Lakini nikitoka mazoezini hutazama kifua kwanza, uso baadaye.

Nikienda sasa, nafasi yangu ataichukua kijana mwingine. Ni hodari, kupiga krosi nimemfundisha mwenyewe, bure, jambo ambalo si kawaida yangu. Nikibaki, nitakwenda kwenye majaribio na pumzi ya kipindi kimoja.

Bamvua iliyopita nilikimbilia mpira mrefu, nikaufikia, nikaupiga. Halafu macho yakaingia kiza. Nikatembea hadi majini, nikaketi, watu wadhani nimekwenda kujipoza. Nikaanza kuhesabu pumzi ili nijitulize. Nilifika tisa, au kumi na moja. Mimi, mtu wa kuhesabu, nikapotea. Kwa mara ya kwanza niliogopa kitu ambacho siwezi kukinunua wala kukiuza.

Daktari anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Mwalimu anasema kifua ni changu. Basi nakuuliza wewe uliyewahi kukaa nje nusu mwaka, kwa kisu au kwa mfupa uliovunjika, kisha ukarudi kukimbia na wenzako: mwili ulikukubali? Wangapi walikuwa wamekupita? Ungeulizwa leo, ungekubali tena? Niandikie. Na usinieleze yale yaliyorudi tu. Nieleze na yale ambayo hayakurudi.