Disque ya Ruth haikuwa na virusi

Leo nimefukuza mugeni mwenye nilikuwa nangoja tangu asubui.

Ruth wa classe yetu alileta disque yake ya Windows, tuchape maneno ya nyimbo za chorale. Mashini yangu iko na Linux. Nagonga fichier ya maneno ile, mashini inauliza: « Lancer ou afficher ? », ni kusema iitumikishe sawa programme ao iionyeshe tu.

Nikachomoa disque. « Ruth, iko na virusi! »

« Ah bon? Mie njo naletea bantu virusi? Bakia na Linux yako, ma chère. »

Akaenda.

Nikajaribu disque ya papa, nayo ya Windows: swali ile ile! Kumbe Linux inazania maandishi ya disque ya Windows ni programme. Ningefinya tu « afficher ».

Namuandikia Ruth pardon ku telefone, nafuta. Mweye munaanzaka namna gani kuomba pardon?

Mama anaita kwa jikoni: « Mulete mugeni wako, bukari imeiva! »