Siku Niliyomtandikia Somo Kadi Yangu ya Marekani

Jamani, hili nalisema leo kwa sababu waliokuwepo wameshalisimulia mpaka limeisha utamu, na kila mmoja ananitilia chumvi yake, kwa hiyo bora mlisikie kwangu: mimi Zuhura, mtu mzima, mama wa mtoto, niliwahi kuingia kwenye nyumba ya harusi kudai zawadi niliyoitoa kwa mikono yangu miwili. Mbele ya kadamnasi.

Nilikuwa nimekaa Dar miezi kumi na moja na ushee namuuguza mama, nyumbani kwetu Ilala. Mume wangu na binti yetu wa miaka sita walibaki Marekani, ambako naishi kwa green card, ile kadi ya ukaazi. Pasipoti yangu bado ni ya Bongo na haina viza, kwa hiyo bila hiyo kadi hakuna ndege ya kunipakia, na ukizidisha mwaka nje, kurudi ni kesi. Mungu si Athumani, mama akapona, nikakata tiketi ya Jumapili alasiri. Binti yangu akawa ananihesabia siku kwenye simu mpaka ananiliza.

Jumamosi asubuhi wakala wa tiketi akataka kuiona kadi kwanza (kila mtu anataka kuiona). Kutoka kwake nilikuwa napita Kariakoo kununua dagaa na iliki, halafu moja kwa moja Mchafukoge kwenye harusi ya Rukia, binti wa baba yangu mdogo. Sasa mkoba Kariakoo mnaujua wenyewe, unaingia nao umefungwa, unatoka nao uko wazi. Nikajiona mjanja: kadi nikaifunga kwenye pindo la kanga niliyojitanda, fundo gumu, kama bibi yangu alivyokuwa akifunga hela zake. Balaa lote lilianzia hapo.

Shughuli ikakolea. Kwetu bibi harusi akitolewa ndani, wanawake wanamtandikia kanga chini ili asikanyage sakafu, na kanga zote zilizotandikwa ni haki ya somo wake, yule mama aliyemfunda. Wenzangu wanatoa kanga mpya kwenye mifuko, na mimi mtu wa Marekani kwenye mfuko nina dagaa. Nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Mbona wa majuu kabana?" Weee! Damu ikanichemka, nikaivua ile niliyojitanda, nikaizungusha hewani mara tatu, nikaitandaza kwa mbwembwe zote, na vigelegele vikapigwa mpaka nyumba ya pili. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi mnono.

Jumapili asubuhi napanga safari: pasipoti ipo, kadi haipo. Nikaumwaga mkoba, nikawamwaga na dagaa (sijui nilidhani wameila). Mama akaniangalia, akauliza taratibu, "Zuhura, ile kanga ya jana umeiweka wapi?"

Nililia pale pale sakafuni, maana niliuona uso wa binti yangu.

Nikachukua bajaji mpaka Mchafukoge, nikapanda ghorofa tatu mbio. Ndani wanawake kama arobaini wanakunywa chai, na somo mwenyewe, Bi Tatu, amekaa kitandani na kanga zake zimerundikwa ubavuni.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Samahani... naomba ile kanga yangu ya jana."

Mmoja akaangua kicheko. "Kanga moja! Kumbe Marekani kugumu hivyo!" Nikaanza kueleza, viza, mwaka mmoja, ndege, na kila nilichoeleza kikazidi kuonekana kisingizio. Bi Tatu akainua mkono wakanyamaza.

"Mimi nimefunda mabinti tangu hujazaliwa. Sijawahi kudaiwa."

"Kanga ni yako, Bi Tatu. Mimi nataka kilichofungwa kwenye pindo tu."

"Na pindo ni la nani? Unataka kitu kwa somo? Cheza, tuone."

Mnanijua, kucheza sijajaliwa, na nilikuwa nimeshavaa jinzi ya safari. Wakanifunga kitambaa cha meza kiunoni, mtu akageuza ndoo akaanza kuipiga, nikacheza. Nilicheza na machozi yangu, nikazungusha kiuno ambacho hata mume wangu hakijui, na mahali fulani katikati aibu ikachoka yenyewe ikaniacha. Vicheko vikageuka vigelegele. Bi Tatu akaichambua kanga kwenye rundo, akaling'ata fundo kwa meno, na kadi ikadondoka mapajani mwake.

Aliishika mbali na macho. "Huyu ni wewe? Mbona umenuna?" Ikazunguka chumba kizima, mikono arobaini yenye mafuta ya maandazi, kila mmoja na maoni yake juu ya pua yangu. Iliponirudia niliibusu, mafuta na yote.

Uwanja wa ndege, binti wa kaunta akapekua pasipoti ukurasa kwa ukurasa. "Dada, viza iko wapi?" Niliilaza kadi mbele yake kama mtu anayelaza dume la ushindi kwenye karata. Akaigusa, akajifuta vidole. "Mbona ina mafuta?"

"Ni habari ndefu, mdogo wangu," nikamwambia, nikapita kifua mbele.

Nilipofika Marekani, afisa wa uhamiaji aliniuliza nilikuwa wapi muda wote huo. Nikamwambia nilikuwa namuuguza mama yangu. Akanitazama, akaitazama kadi, akaniruhusu. Nje ya mlango kitu kidogo kilinikimbilia kikanigonga tumboni, karibu tuanguke wote wawili na dagaa wetu.

Kwa hiyo nimeapa: sitatoa tena kitu kwa sababu mtu kanisema nyuma ya mgongo. Atakayetaka kusema na aseme mpaka akauke koo, mimi nina mtoto ananisubiri mlangoni.