Habari Niliyoikata Mkia

Wenzangu wa mwani waliniita redio, nami nilijifanya silipendi jina hilo huku nikilingoja kila asubuhi. "Redio yetu imeamka na nini leo?" mmoja angeuliza, tukiwa ndio kwanza tumekaa chini ya banda la makuti na kamba zetu mapajani. Nilikuwa najivuta kidogo. Nafunga mche wa kwanza, nakaza fundo, ndipo naanza. Kazi ya kufunga miche ya mwani kwenye kamba haitaki akili, inataka vidole tu, kwa hiyo mdomo unabaki huru, na mdomo wangu tangu utotoni haujui kukaa bure.

Wengine walileta habari za harusi na talaka. Mimi nilileta za sayansi. Si kwamba nina elimu ya kutisha, niliishia darasa la saba nikaolewa. Lakini kuna kipindi cha jioni redioni kinachoeleza wanasayansi wamegundua nini huko duniani, na mwanangu anayefanya kazi Dar hunitumia klipu kwenye simu akijua mama yake atafurahi. Nikisikia jambo la namna hiyo linaniwasha mpaka nilitoe.

Nakumbuka siku niliyowaambia kwamba pweza akilala hubadilika rangi, na kwamba anaota ndoto. Palikuwa na bibi mmoja mkongwe kuliko sisi sote, mbishi, ambaye alianza kuchokoa pweza miambani kabla mama yangu hajanizaa. Aliweka kamba chini kabisa.

"Anaota nini?" akauliza.

"Anakuota wewe na fimbo yako," rafiki yangu akamjibu, na tulicheka mpaka wanaume waliokuwa wakikwangua mashua pale ufukweni wakageuka kututazama. Siku nyingine nikaleta habari kwamba tembo wanaitana kwa majina. Bibi akasema Mafia hatuna tembo, kwa hiyo wanasayansi wameona mbali, wametafuta uongo ambao sisi hatuwezi kwenda kuuhakikisha.

Nilijifunza mapema kwamba wenzangu hawalipendi neno "huenda." Ukisema huenda pweza anaota, bibi anakuambia basi rudi ukaulize vizuri. Ukisema pweza anaota, unapata ubishi wa asubuhi nzima na kamba zinakwisha bila mtu kuhisi mgongo. Kwa hiyo ile "huenda" nikawa naiacha nyumbani. Nikaacha na ile ya "utafiti bado unaendelea." Nikaacha pia kusema mambo yenyewe yametokea kwa panya, maana habari nyingi za sayansi, ukizichimba, zimetokea kwa panya. Nilikuwa najiona fundi. Nilidhani kupunguza vile ni sawa na kutoa miba kwenye samaki kabla ya kumpakulia mgeni.

Huyo rafiki yangu aliyemtania bibi, tumekua pamoja. Tuliolewa karibu wakati mmoja, na shamba lake la mwani limepakana na langu, hata vigingi vyetu tunachanganya. Ana binti mmoja, yuko sekondari, ana akili nyingi na maneno machache. Binti huyo amezaliwa na selimundu, sisi tunaita siko seli, ule ugonjwa wa damu unaomshika mtu kwenye viungo akalia kama anavunjwa mifupa. Baridi ikizidi, anashikwa. Akichoka sana, anashikwa. Nimewahi kukaa naye anauma kanga ili majirani wasimsikie.

Kila asubuhi, kabla binti hajavaa sare, mama yake alimshika mikono akamminya vidole, kimoja kimoja, kuona kama vimevimba. Kisha akamvuta kope chini kuona kama macho yameingia umanjano. Nimepita pale mara nyingi kumwita rafiki yangu twende pwani, nikawakuta katika hali hiyo, mama ameinama, binti amesimama akitazama pembeni kama mtu anayenyolewa. Sikuwahi kufikiri kwamba inamkera. Niliona ni mapenzi, na ni mapenzi kweli.

Jioni moja redio ikatangaza kwamba siko seli imepata tiba. Niliacha kukuna nazi nikasogea. Wanachukua chembe zinazotengeneza damu mwilini mwa mgonjwa mwenyewe, wanazirekebisha vinasaba, wanamrudishia. Mtangazaji akaeleza kwamba walikuwapo watu waliozoea kulazwa kila mara, na sasa wanakwenda kazini kama wengine. Hiyo ndiyo habari niliyoipeleka bandani asubuhi yake.

Lakini mtangazaji hakuishia hapo, nami sikuondoka redioni. Alisema mgonjwa hukaa hospitali muda mrefu na hupewa kwanza dawa kali ya kumlegeza mwili mzima. Alisema ni nchi chache tu zinazotoa tiba hiyo. Alisema bado wanawafuatilia waliotibiwa waone itadumu kiasi gani. Na alitaja bei, akairudia, kwa sababu nadhani hata yeye ilimshinda kuamini. Tukiuza mwani wote wa kijiji, na vijiji vya jirani, hatuifikii. Yote hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na asubuhi nikayaacha nyumbani pamoja na ile huenda.

Najiuliza kwa nini, na jibu si zuri. Nilitaka kuuona uso wa rafiki yangu. Siku zote nilikuwa nikiwapelekea pweza na tembo, vitu vya kuchekesha, na safari hii nilikuwa na kitu cha mtu mmoja aliyekaa karibu nami. Nilitaka niwe mimi niliyekileta.

Nilipoitoa tu bandani, mikono yake ilisimama kwenye kamba.

"Imepatikana?"

"Imepatikana."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema. Na kwa kuwa halikuwa neno la uongo, niliapa bila kusita, wala hata yule bibi mbishi hakubisha. Rafiki yangu aliinama akaendelea kufunga mwani, akafunga vibaya, ikabidi afungue upya.

Baada ya siku chache nikasikia anataka kusoma dua Ijumaa na kumchinja mbuzi wake. Sikuelewa mara moja. Ndipo akaniambia kwamba zamani, binti akiwa mdogo amelazwa hospitali Kilindoni, aliweka nadhiri. Alimwambia Mungu, siku dawa ya ugonjwa huu itakapopatikana, nitachinja nilishe watoto wa chuo cha Kurani. Sasa imepatikana, na nadhiri si kitu cha kumcheleweshea Mwenyezi Mungu.

Nilikwenda kwake nikiwa nimekusudia kumweleza yote. Nikamkuta anachambua mchele, uso umenawiri kuliko nilivyouona kwa miaka. "Karibu shoga," akasema, "bila wewe ningejuaje?" Nikakaa, nikavuta ungo, nikamsaidia kuchambua mchele. Tulizungumza habari za iliki na binzari, kisha nikarudi nyumbani.

Ijumaa watoto wa chuo walijaa uani, mwalimu wao akasoma, tukaitikia amina. Ilipokuja pilau, rafiki yangu alinitoa nilipojificha nyuma akanikalisha mbele ya wanawake wote, akaniwekea maini, yale anayopewa mgeni wa heshima. Binti alikuwa akipita na birika na beseni, anatunawisha. Alinifikia, akaniamkia, nikaitikia marahaba, nikanyoosha mikono. Akainama zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Mama mdogo," akasema taratibu, huku maji yakimiminika, "ile habari tulisoma na sisi shuleni. Mwalimu wa baiolojia alitusomea yote."

"Yote?"

"Mpaka bei."

Nilibaki na mikono juu ya beseni. Nikamuuliza kama amemwambia mama yake. Akatikisa kichwa kukataa.

"Usimwambie, mama mdogo. Tangu siku ile hajanishika vidole."

Akachukua beseni akaenda kwa mwenzangu. Nikala maini. Yalikuwa yameiva vizuri, nikayashusha kwa maji, na rafiki yangu aliponitazama kutoka upande wa pili nikamtikisia kichwa kumwonyesha kwamba ni matamu.

Kwa muda nilijifariji na maneno ya binti. Nilijiambia si mimi ninayeficha, ni mtoto mwenyewe ameniomba. Na kweli nilimwona amebadilika. Alikuwa akitoka asubuhi kwenda shule peke yake, begi mgongoni, mama yake akiwa bado anafagia. Rafiki yangu naye alikuwa akiimba bandani, yeye ambaye sauti yake hatukuijua. Mimi nikaacha kuleta habari. Wakiniuliza mbona redio imenyamaza, nilisema betri zimekwisha.

Kisha upepo wa kusi ukaanza kuvuma na asubuhi zikawa za baridi. Siku moja tukifunga mwani nikamuuliza mbona sikuwaona wakipanda bodaboda kwenda Kilindoni, maana siku ya kliniki ya binti, anakochukua vidonge vyake, ilikuwa imepita.

"Kliniki ya nini tena?" akasema bila kuinua macho. "Wale wanatupa vidonge vya kusukuma siku tu. Dawa yenyewe ikifika watatuita. Vidonge vimekwisha, sijahangaika navyo."

"Vimekwisha lini?"

"Aa, zamani kidogo. Na tazama, hajashikwa hata mara moja. Mungu ameshaanza."

Bibi mkongwe alinitazama. Sijui alijua nini, au kama alikuwa amechoka tu. Nilipoteza fundo nililokuwa nalifunga, nikashindwa hata kulitafuta.

Alasiri nilikwenda kwake. Binti alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, namsikia akikatakata kitu. Rafiki yangu alinivutia kibao, sikukaa. Nikamweleza habari yote tangu mwanzo, kama redio ilivyoisema, nchi chache, dawa kali, kuwafuatilia wagonjwa, bei. Nikaweka na zile "huenda" zote mahali pake. Nilipomaliza nilisikia jikoni kisu kimenyamaza.

Rafiki yangu alikuwa amekaa na kanga yake imemteleza begani, hakuirudisha.

"Haya umeyajua leo?"

"Hapana."

"Uliyajua siku ile."

"Niliyajua."

"Siku uliyoniapia?"

"Ndiyo," nikasema. "Niwie radhi, shoga."

Nilitamani anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima, nilikuwa na majibu yangu, hata machozi yalikuwa karibu. Hakunifokea, wala hakusema amenisamehe. Aliinuka akajifunga kanga vizuri, akanipita kama mtu anavyopita kiti, akaenda hadi mlango wa nyuma.

"Njoo hapa," akaita.

Binti akaja, vidole vina maji na harufu ya vitunguu. Mama yake akamfuta kwa ncha ya kanga, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akamgeuza kuelekea kwenye mwanga wa mlango. Akaanza na kidole kidogo, akakiminya, akangoja, akaenda kinachofuata. Alikwenda polepole kuliko zamani, kama anayefidia asubuhi zote alizoziruka. Alipofika kidole gumba cha pili akamvuta kope.

"Kesho hutakwenda shule," akamwambia. "Tunakwenda Kilindoni kufuata vidonge."

"Sawa, mama," binti akajibu.

Alisimama kama alivyozoea kusimama, amenyooka, mikono ameiachia. Ila safari hii hakutazama pembeni. Alinitazama mimi, mpaka mama yake alipomaliza.