Mama mkwe alikiweka kitambaa changu chenye damu kwenye valisi yake

Admin, jina langu libaki kwako, maana mawifi zangu wote wanafuata ukurasa huu. Nina miaka ishirini na sita, niko Kisangani, Mangobo. Nimeolewa miaka miwili na tulikuwa hatujapata mtoto. Mume wangu hununua samaki waliokaushwa huko Isangi na kuwaleta sokoni, kwa hiyo akishuka mto anaweza kukaa wiki nyingi. Mimi hubaki na mama yake, maana tunakaa ua mmoja. Naandika hapa nikiwa na kinyaa, na si kinyaa cha mimba.

Kwa mama mkwe kuna sheria: mwanamke akiwa mwezini hashiki chungu mpaka amalize. Kwetu hatuna mambo hayo, lakini mkwe ni mkwe, nikafuata. Ubaya wake ni kwamba nyumba nzima inajua siku zako, hata tonton, kaka yake mama mkwe, anayekuja kula kwetu kila Jumapili.

Wiki moja hivi baada ya mume wangu kuondoka, niliona damu. Kidogo tu, matone ya rangi ya kahawia, hata kitambaa hakikujaa. Zilikuwa zimebaki kama siku nne nifikie siku zangu, lakini sikujisumbua kuhesabu. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, leo sipiki." Hilo ndilo kosa langu na ninalikiri. Siku ya tatu ilikuwa imekauka, nikarudi jikoni. Akanitazama, akacheka: "Siku mbili tu? Weye damu yako iko ya haraka!" Mimi huwa naenda siku tano, tena na tumbo la kunikunja. Nikacheka naye. Yashikeni maneno yake hayo.

Siku hizo hizo kitambaa kimoja nilichokiweka kwenye beseni, kabla sijakifua, kilipotea. Nikafikiri mbwa wa jirani amekiburuta.

Mume wangu aliporudi baada ya karibu miezi miwili, alinikuta natapika hata nikinusa samaki wake. Tukapima, mimba! Alicheka mpaka akatoa machozi. Furaha yenyewe ilikaa siku tatu. Jumapili, tulipomaliza kula, mama yake akasema ana neno la familia. Akaingia chumbani, akatoka na sachet nyeusi ya plastiki, akaifungua mezani, sahani za mboga ya pondu bado hazijaondolewa. Ndani kilikuwamo kitambaa changu, kimekauka na kukakamaa.

"Muangalie na macho yenu," akasema. "Njo damu yake hii. Mutoto wangu alikuwa Isangi, huyu akaona damu, hakupika. Alors, hii mimba iko ya nani?"

Tonton akavaa miwani. Ndugu zangu, mzee mzima alivaa miwani ili aone vizuri! Akainama juu ya kitambaa changu kama anachagua samaki sokoni, akasema, "Bon, damu iko." Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama sakafu. Nikauliza kitambaa kilifikaje kwenye sachet. Mama mkwe hakuona hata haya: alikitoa kwenye beseni ampelekee mama mmoja wa maombi, akiombee ili nishike mimba. Halafu akakiweka kwenye valisi yake, sanduku lake la nguo, pamoja na vitenge vyake vya misa. Nikamwita mchawi mbele ya wote, nikatoka nje, nikatapika.

Kesho yake nilimburuta mume wangu kwa muuguzi. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ile haikukuwa siku zako. Damu kidogo ya kahawia, siku moja ao mbili, bila kujaza kitambaa, mara ingine inatoka wakati mimba inaanza kushika. Ya mwezi inaongezeka, inakuwa nyekundu, inamaliza siku zake. Lakini na macho tu mutu anaweza kudanganyika, njo maana tunapima. Na sasa ukiona tena damu, usingojee, kuya hapa." Akatutuma kwenye ekografi, kile kipimo cha kumwona mtoto tumboni. Umri wa mtoto ukaonyesha mimba ilishika kabla mume wangu hajapanda pirogi ya kwenda Isangi. Alisoma mwenyewe, akaikunja karatasi vizuri akampelekea mama yake. Mama yake akajibu, "Makaratasi banauza," yaani hata hiyo tumeinunua.

Mtu aliyecheka kwamba damu yangu ni ya siku mbili tu, leo amesahau siku mbili, anakumbuka damu peke yake. Nikafunga vitu vyangu, nikaja kwa mama yangu. Sasa ni wiki ya tatu.

Jana mume wangu alikuja. Anasema anaamini mimba ni yake, na kwamba familia imekaa ikaamua nirudi. Lakini kwanza nilete kitenge na kuku, nipige magoti mbele ya mama yake, kwa sababu nilimwita mchawi. Nikamwambia sawa, na mama yako je, ataniomba msamaha lini? Akajimiminia chai. Nikamuuliza swali moja tu: kile kitambaa kiko wapi?

"Iko ku valise ya mama," akasema. "Anasema anangojea mutoto azaliwe, aangalie sura."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, akinywa chai ya mama yangu.

Ninampenda mume wangu, sidanganyi. Na mtoto anahitaji baba. Lakini nikifikiria kupika kwenye ule ua, na damu yangu imefungwa chumba cha pili, nashindwa hata kuanza kufunga vitu vyangu. Na nikizaa msichana, siku atakapokua, beseni lake nalo litachunguzwa na nani? Ninyi mlioolewa kabla yangu, niambieni ukweli hata kama unauma: nipige magoti nirudi, au nizalie hapa kwa mama yangu?