Nilidhani 7 iko juu kuliko X3, nusura mama aikose harusi

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Ifakara, sijatia chumvi hata kidogo.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa. Mama yetu alishavunjika nyonga. Anatembea na fimbo, ila akikaa kiti cha chini hainuki mpaka anyanyuliwe.

Akatuambia kabisa, "Kama ni kubebwa mbele ya wakwe, mimi nabaki hapa Kibaoni. Mtaniletea picha."

Na mama hasemi mara mbili, mjue.

Nikampigia binamu yangu wa Moro, anakodisha magari ya kifahari. Akaniambia, "Za Mjerumani zipo mbili, 7 na X3. Nilete ipi?"

Nikacheka. Mimi nasafirisha mpunga bwana! Lori la tani saba liko juu kuliko la tani tatu, hata mtoto anajua.

"Leta 7!"

Siku moja kabla ya harusi nikawa najisifu kwa mama. Wala hakushangilia. Akauliza tu, "Kiti chake kinanifika wapi?"

Nikapiga simu. Binamu akajibu, "Kiti? Chini ya goti. Hiyo inalala chini, kaka."

Khaa!

Ndipo akanielewesha. Kampuni ile ya Mjerumani inayoyatengeneza imepanga magari yake kama koo. Ukoo wa namba tupu ni saloon za chini: 3 ndogo, 5 ya kati, 7 ndiyo bosi. Ukoo wa X ni gari za juu, nao una wadogo na wakubwa wake. Namba ni cheo ndani ya ukoo, haikwambii gari limeinuka kiasi gani.

(Zipo na za milango miwili, hizo tuwaachie vijana.)

"Basi leta X3, nakuomba sana!" Dereva wake alikuwa anajiandaa kuondoka Moro na ile 7.

Asubuhi ya harusi mama akaigeuzia X3 mgongo, akakaa, akaingiza miguu. Nikampa mkono.

"Toa mkono wako huo."

Kanisani akashuka mwenyewe na fimbo yake, vigelegele juu. Wakuu, nilipumua mpaka machozi yakanitoka, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: kabla hujauliza cheo cha gari, uliza atakayepanda anakaaje.

Wenye kuzijua hizi gari, karibuni mnikosoe. Ila mniambie na kiti cha X5 kikoje. Mama ameniagiza niulize, kuna binti mwingine hajaolewa.