Kerubo, aliyetafuta mtoto wa kungoja langoni

Akili yangu bado inakataa. Ijumaa nilipopigiwa simu kwamba nimonia imemchukua Kerubo, nilijibu, "Sawa, asante," kama mtu aliyeambiwa mkutano umeahirishwa. Kisha nikamalizia chai yangu.

Kwa wasiomjua: Kerubo alikuwa social worker. Tulifanya kazi ofisi moja hapa Nyamira, tukisaidia watoto wanaohamia shule mpya, hasa wale waliovunjwa moyo na ile ya zamani.

Kila tukienda field alikula ndizi. Maganda aliyatia kwenye mkoba wangu.

Mimi huandika report ndefu. Alinicheka sana. "Yaya!" alikataa kwa Ekegusii, lugha ya hapa. "Hapana, msomi! Mtoto hatafuti report. Anatafuta mtu wa kukaa naye saa ya break."

Kwa hiyo kabla mtoto hajahamia, Kerubo alitangulia kwenye shule mpya na kutafuta mwanafunzi mmoja wa darasa lile. Hakutaka anayeongoza kwa alama. Alitaka msemaji. Akamwomba amngoje mgeni langoni.

Naye Kerubo alisimama nje akitazama. Mtoto akigeuka nyuma, kesho yake alirudi naye tena. Asipogeuka, aliniambia, "Twende chai, msomi. Imeisha hiyo."

Wa mwisho alikuwa Achieng (si jina lake). Babake alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi mjini. Shuleni wenzake walicheza kwa Ekegusii, asichokijua, yeye akabaki kando ya mfereji, mpaka akakataa kwenda kabisa. Kerubo akampatia nafasi katika shule nyingine upande wa Sironga, akamwahidi: "Jumatatu tutaenda wote."

Jumatatu nilienda mimi.

Babake alikuwa ameshamwambia Achieng kuhusu kifo. Hata hivyo, tulipokaribia lango mtoto alisimama.

"Auntie Kerubo alisema atakuja."

"Alisema," nikamjibu.

"Basi mimi narudi nyumbani."

Babake alitazama viatu vyake.

Ndipo msichana mmoja akatoka mbio, sweta ameivaa ndani nje.

"Ni wewe Achieng? Mbona umechelewa hivyo! Madam Kerubo aliniambia nisitoke hapa mpaka ufike. Nimekuwekea kiti. Unajua kuruka kamba?"

"Najua."

"Hapa tunaruka kamba mbili. Utaanguka wewe."

"Mimi? Sianguki!"

"Wacha tuone!"

Wakaingia wakibishana. Babake alitaka kumwita ampungie mkono. Nikamshika kiwiko, nikamwomba angoje kwanza.

Tuliwatazama mpaka mlango wa darasa.

Jioni hiyo watu waliniuliza mbona silii. Sijui. Nadhani bado nilikuwa nimesimama pale nje.

Kerubo, mtoto hakugeuka. Hata mara moja.

Imeisha hiyo, dada. Nawe nenda, usigeuke nyuma. Ulale vizuri.