Unene wa Kwetu

Nikiwa na mimba yangu ya kwanza, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, sikuweza kutulia. Nilizunguka boma la wakwe zangu huko Mwala kama kuku anayetafuta pa kutagia. Njaa ilikuwa inaniuma. Mama mkwe alikuwa ameniondolea maziwa, mayai na nyama, kama walivyofanya wanawake wengi wa huko mimba ikikomaa. Mtoto akinona tumboni, alisema, utapasuliwa, na kisu cha hospitali alikiogopa kweli kweli. Nia yake ilikuwa njema, sikatai. Lakini nia njema haishibishi mtu! Nilibaki na muthokoi kidogo, mahindi makavu ya kukobolewa, na chai ya rangi.

Na bado nilinenepa. Kila nikipanda mizani kliniki, mshale unakimbia. Nesi akanikodolea macho.

"Mama, kwani unakula nini?"

"Njaa," nikamjibu. Hakucheka.

Nyumbani, mama mkwe akaanza kufunua sufuria na kunusa vikombe, eti ninakula kwa siri. Damu ilinichemka. Nilitoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena.

Ndipo mama yangu mzazi akaja kutoka Masinga na samaki wakavu kwenye gazeti. Aliniangalia juu mpaka chini, akaangua kicheko.

"Aiya! Huyu ni mimi kabisa. Nikiwa na mimba yake nilivaa viatu vya baba yake, vyangu vilinikataa. Mama yangu pia alikuwa hivyo hivyo. Huu mwili ni wa kwetu. Mpeni chakula jameni!"

"Basi huko kwenu mnakula sana," mama mkwe akasema, akawachukua wale samaki akawapelekea wanaume.

Nilijifungua haraka, bila kisu. Mama mkwe alipiga vigelegele mlangoni mwa wodi. "Si niliwaambia?"

Mkunga alimwinua binti yangu, akamtazama, akanitazama mimi nilivyojaa kitanda, akanikabidhi. Ngozi ya mapaja ya mtoto ilikuwa imelegea kama soksi ya kuazima. Kiganja changu kimoja kilimfunika mgongo wote.

Nilimweka kwenye titi. Alinyonya kwa pupa, bila kupumzika, macho yamefumbwa, na mimi nikalia kwa hasira. Miezi yote ile nilidhani mwenye njaa ni mimi.